Wanyama wa Bahari Waliofika Mlandege

Jumatatu, 3 Juni 1957
Baridi. Vidole havikunjiki mpaka niote moto. Baada ya kufundisha shuleni, kwa Bibi Margit tena, Mzungu mtafiti wa viumbe wa bahari, kwenye hadubini. Natenga: konokono wenye mabawa huku, minyoo kama kioo kule, kamba wadogo kuliko chawa pembeni. Wote huelea tu, maji yanawapeleka. Chupa za spiriti walimohifadhiwa zimetoka bahari zote za dunia. Bibi anataka kujua nani anaishi wapi. Joto la Dar es Salaam lilimshinda, daktari akamleta Iringa, hapa mtaa wa Mlandege. Mimi mtu wa Tukuyu, bahari sijaiona. Naipenda kazi hii kupita kiasi.

Jumatano, 5 Juni
Sanduku la mwisho limefika kwa lori. Barabara imelitikisa, vizibo vimelegea, spiriti imevuja karibu yote. Hawa ndio wa bahari ya barafu, kusini kabisa. Bibi kakaa sakafuni. Hospitali hawana ya kutoa. Madukani hakuna. Wakioza, nani atarudi kule kuwavua? Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 6 Juni
Harufu imeanza. Tangu alfajiri nawaza gongo, pombe kali ya magendo. Mume wangu, Amoni, baba wa Tumaini wetu, ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyopita kaikemea gongo mbele ya watu wote.

Nimekwenda. Shali mpaka puani. Mama Kaduma, mpishi wa gongo, kacheka mpaka kashika ukuta.

"Mwalimu, hata wewe?"

"Ya kuhifadhia wadudu, dada."

"Haya. Kila mtu ana wadudu wake."

Kanipa ile ya mwanzo kudondoka, inayoshika moto. Bibi kainusa, kakohoa, kamimina. Tumecheka kama wasichana wa bweni.

Ijumaa, 7 Juni
Amoni kaambiwa nilikokwenda. Hakula. Naogopa. Sijuti.

Jumamosi, 8 Juni
Harufu imekwisha. Hakuna aliyeoza.

Mchana Amoni kaja mwenyewe kwa Bibi, kakunja uso. Sikujitetea. Nikamwekea mmoja wa barafuni chini ya hadubini, nikasogea. Kachungulia kwa muda mrefu.

"Sekela, huyu ana mayai."

"Ndiyo, Baba Tumaini. Kabeba tumboni."

Kisha kavua kofia, kavuta kiti.

"Nionyeshe mwingine."

Jua limeingia dirishani. Nikamwekea mwingine.