Maziwa ya Mama Mapendo

Papa,

Ni mimi, Furaha, binti yako uliyemwachia nyumba na shamba la maharage hapa Kibabi. Tumevuna mara mbili tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu umetuachia tabia yako moja, nayo haitaki kutoka humu ndani.

Unamkumbuka Mama Mapendo, jirani yetu mwenye ng'ombe wawili. Miaka yote alikuletea maziwa, na miaka yote, kwa kuogopa sumu, ulimsukumia kikombe: "Onja kwanza, njo mi nikunywe." Alionja, akacheka, mkakaa mkiongea. Mimi nilikuwa mdogo, nikajifunza kutazama koo lake nione kama kweli anameza.

Daktari alisema umekufa kwa ugonjwa wa ini. Mimi nikasema moyoni, ini haliugui bure. Siku ya matanga Mama Mapendo alileta maziwa. Mbele ya watu wote nikamwambia aonje. Akachukua kikombe.

"Ata leo, mutoto yangu?"

Akanywa kikombe kizima, akakiweka chini, akaondoka. Hakurudi tena. Nami, badala ya kuona haya, nilijiuliza: mbona amekimbia?

Ndivyo nilivyo sasa, Papa. Nakukasirikia kwa hilo. Nakulilia pia.

Jana asubuhi nilimpa uji Neema, mjukuu wako wa miaka mitano. Nilikuwa nimeupika mwenyewe, yeye akiwa hapo hapo jikoni. Akanisukumia kikombe.

"Mama, onja kwanza."

Hakuwa anacheza. Alikuwa ananitazama koo.

Nilionja. Kisha nikajifunga kitenge, nikamshika mkono, tukapanda mpaka kwa Mama Mapendo. Niliomba msamaha ovyo ovyo, maneno hayakutoka sawa. Alimimina maziwa, na kwa mazoea akainua kikombe ili aonje. Nikamzuia.

"Hapana, Mama. Lete hivyo tu."

Nikanywa, Neema akitazama. Sikufichi kitu: nilimeza kwa hofu, na siku nzima nilikuwa nalisikiliza tumbo langu. Mama Mapendo alijua. Alisema tu, "Rudi kesho kutwa."

Basi lala salama, Papa. Mimi sitamwonjesha mtu tena mbele ya mtoto huyu, nakuahidi. Kesho tunapanda tena kwa Mama Mapendo. Nitaogopa, na nitakunywa.

Binti yako,
Furaha