Betri Chini ya Sanda

Guangzhou, China
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo nyingine kwa niaba ya magoti yangu, ambayo yako mbali na hayawezi kupigwa mbele yako. Goti lako vipi? Kifua je? Mbaazi zimeshika mwaka huu? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia hata kidogo, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Kabla hujasikia neno jingine, niambie, anayekusomea ni nani? Kama ni Baba, mnyang'anye karatasi. Namheshimu mzee wangu, lakini sote tunajua akikusomea barua huruka mistari isiyompendeza. Kwenye barua iliyokuja na ile baiskeli ya umeme niliyomtumia niliandika wazi kabisa asiende mbali bila kuaga, na wewe ukasomewa salamu tupu. Simu nayo ni yake, na huongei ila yeye kaketi pembeni anajibu kabla yako. Basi mwite mama mdogo Zainabu akusomee, mkae uani, Baba mpelekeeni chai barazani.

Yule dada mfanyabiashara wa Lindi alinifikishia ujumbe wako kama ulivyomtuma, hakupunguza chumvi. "Mama yako anasema, usitume tena vyuma vyako Milola. Betri ameificha, na anayeitaka akamtafute yeye kwanza." Nilicheka, halafu nikakaa juu ya maboksi nikalia mbele ya watu. Anarudi keshokutwa, ndiye atakayekuletea barua hii.

Mama, tukumbushane. Baba alikuwa hakosi msiba. Kaburi halikuchimbwa pale kijijini bila yeye kushuka kupima mwanandani, avue kofia, atoke na udongo mpaka masikioni. Kilipompiga kiharusi, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, jeneza likawa linapita mbele ya baraza yetu naye amekaa. Watu wanamwambia, "Kaa tu mzee, tumekuwakilisha." Wanadhani wanamfanyia wema! Siku moja akaniambia kwenye simu, "Somoe, watu huzikana. Wakishazoea kuzika bila mimi, mimi nitazikwa na nani?" Niliogopa, Mama, maana nilisikia mtu ambaye ameanza kujiandaa.

Ndipo nikaanza kuangaza macho. Kazi yangu unaijua, nafunga mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu, nasimama kutwa. Mkabala na ghala letu kuna bibi anauza baiskeli za umeme. Mguu wake mmoja ni mwembamba kama wa mtoto, tangu utotoni ulipooza. Kila asubuhi anakuja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, mkono mmoja kashika mboga zake. Nikamwendea. Kichina changu cha kubahatisha, naye kwa vidole, tukaelewana. Akanionyesha zile zinazokwenda zenyewe kama pikipiki, akazitikisia kichwa. Akanionyesha moja kama ile yake, usipokanyaga pedeli haikusaidii. Ukikanyaga hata kidogo, mota inaongeza pale unapoishia. Akajipiga paja lake, akanifanya nilishike. Lilikuwa gumu, Mama, lile paja jembamba. Ndipo nikajua nichukue ipi. Wenzangu walinicheka, "Si umpelekee mzee pikipiki akae kitako?" Kukaa kitako ndiko tulikokuwa tunakukimbia.

Na imemsaidia, usikatae. Mwanzo mguu wake mlikuwa mnaufunga kwenye pedeli kwa kipande cha kanga yako, la sivyo unateleza. Kuzunguka uwanja mara mbili alikuwa anahema. Baada ya mwezi alikwenda msikitini Ijumaa. Halafu siku moja akanipigia, hata salamu hakutoa. "Leo sikufunga kanga! Huu mguu wa Kichina umeufundisha mguu wangu wa Kimwera!" Nilipiga kelele ghalani watu wakadhani nimeumia.

Sasa nifike penye mwiba. Nimezunguka vya kutosha.

Siku aliyofariki Mzee Issa, mwenzake wa jando, wewe ulikuwa shambani. Baba alinipigia. Alikuwa anapumua kwa shida, si ugonjwa, ni kilio. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa Issa ng'ambo ya bonde, hiki chombo kitanifikisha?" Nikamjibu, "Kitakufikisha, Baba, nenda." Akasema, "Mama yako atakataza." Nikamwambia, "Basi nenda kabla hajarudi."

Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyemtuma. Sikuuliza betri imechajiwa lini pale kwenye sola ya dukani. Sikuuliza habari za mchanga wa bondeni. Nilihesabu kwenda, sikuhesabu kurudi. Na watu nao, kwa furaha ya kumwona, wakampakia majembe na makoleo yote ya kuchimbia ayarudishe msikitini, kama wamepata gari! Betri ikamwishia mchangani. Akaja akikanyaga chuma kizito kwa ule mguu wake, alasiri nzima, wewe ukimtafuta njia nzima kanga mkononi, huku umeshaanza kulia msiba.

Alipofika ulimgombeza, ukaichomoa betri ukaificha. Mpaka leo hajakutajia jina langu, sivyo? Kanifichia. Kabeba majembe ya watu na kosa langu juu yake. Nisamehe, Mama. Kama ni kununa, ninunie mimi, mzee muache.

Tangu siku ile silali vizuri. Simu ikilia na namba ya nyumbani, naweka chini mzigo wowote nilioshika. Najiuliza, je, angeanguka kule bondeni? Chuma nilichokituma mimi ndicho kingemuua. Halafu najiuliza upande wa pili, maana juzi nilimpigia, nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nimekaa." Nikamuuliza na jana? "Nilikaa." Sauti ni ile ile ya zamani, Mama. Ile ya kabla ya baiskeli. Hii inanitisha kuliko lile bonde.

Nawe unajua, siku ikifika, kwetu maiti hasubiri. Mtazika kabla sijapata hata tiketi. Mimi sitakuwemo, hilo nimeshalijua tangu nilipopanda ndege, na linanila. Lakini yeye bado yumo. Muache awemo.

Yule bibi wa baiskeli nilimweleza kwa vidole kwamba betri imefichwa. Alishika kichwa. Betri ikikaa muda mrefu bila chaji inakufa, haiamki tena, na ya kumtumia nyingine sijui nitaipata lini wala nani atakubali kuibeba. Kwa hiyo tufanye hivi. Betri ikae kwako, wewe ndiye bwana betri. Akitaka kutoka aje akuombe, aseme anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Majembe ya watu wabebe wenyewe, wana mabega. Na kile kipande cha kanga kisifungwe tena mguuni hata akichoka, maana akianguka nacho hatajinasua. Akikataa masharti haya, ifiche tena, nami nitakuwa upande wako.

Nisalimie mama mdogo Zainabu, na samahani kwa kumpa kazi ya kusoma haya. Msalimie shangazi mwenye kisima, mwambie dawa yake ya macho iko kwa huyu huyu dada. Kaka yangu wa kule pwani Sudi, akija na samaki wake, mwambie aupake mnyororo wa baiskeli mafuta, mchanga wa bondeni umeshaingia. Imamu pia, mpe salamu zangu za heshima, na umwombe asimpakie Baba mzigo.

Na Baba mwambie shikamoo. Mwambie nimeshakiri, kwa hiyo asijibane tena.

Najua umeificha wapi, Mama. Kuna sanduku moja tu mle ndani ambalo Baba haligusi. Iko chini ya zile sanda zenu mbili mlizonunua. Basi, mama mdogo akimaliza tu mstari huu, inuka, goti likuume lisikuume, ukafungue. Itoe betri iende dukani ikachajiwe. Sanda zikunje vizuri, uzirudishe.

Mwanao mkosaji,
Somoe