Mama na Malkia Watatu wa Ngigi

S.L.P. 61,
Kitengela.
16 Oktoba 2001.

Mpendwa kaka Muema,

Habari za Lodwar na joto lake? Natumaini ile malaria imekuachilia na umerudi darasani kufundisha. Sisi hapa tuko wazima. Mama anakusalimu sana, na mvua imeanza kunyesha kidogo upande wa Kajiado.

Kaka, tafuta mahali pa kukaa kabla hujaendelea kusoma. Mama amecheza karata mbele ya watu, ameshinda mtamba wa ng'ombe, na mimi tangu Jumamosi sijielewi.

Ilikuwa harambee ya kisima cha shule. Kamati iliandaa mashindano ya poka katika hoteli moja hapa mjini, na kila aliyechanga aliruhusiwa kucheza. Vibao vya kuwekea dau havikupatikana, kwa hivyo wachezaji waligawiwa maharagwe. Zawadi ilikuwa mtamba wa Mzee Metito, yule mfugaji wa Isinya. Mimi nilidhani Mama amekuja kupika chai. Akaenda akaketi mezani na kitambaa chake cha kufuma, mwanamke peke yake kati ya wanaume.

Ngigi, yule mwenye machimbo ya mawe, alimsogezea kiti, akamwonyesha karata moja moja. "Mama, huyu ni mfalme, huyu malkia. Ukiona ni ngumu, tupa tu, si aibu." Mama akamshukuru. Niliona haya kwa niaba yake.

Na kweli akawa anatupa. Raundi nyingi alirudisha karata bila kuweka hata haragwe moja, akaendelea kufuma. Mara chache alizoweka, mwishoni alionyesha karata kubwa. Wanaume wakalishika hilo. Ngigi akawaambia wenzake kwa sauti, "Mama wa kanisa hawezi kudanganya. Akiweka, kimbieni." Wakawa wanakimbia, na maharagwe yakawa yanahamia upande wake polepole, hadi wakabaki yeye na Ngigi.

Hapo Mama akasukuma maharagwe yake yote katikati ya meza. Hata macho hakuinua. Ngigi alifikiri sana, akashusha pumzi, akatupa karata zake zikiangalia juu ili tuone alivyo mwerevu. Malkia watatu, karata nzito. "Angekuwa mwanaume ningemfuata," akasema. "Lakini huyu ako na kitu."

Mama akageuza zake. Hakuwa na kitu, Muema. Hata jozi moja hakuwa nayo.

Nilimtazama Mama kama mtu ambaye nimekutana naye stendi. Raundi iliyofuata alisukuma tena, na Ngigi hakungoja, akaweka yote aliyobaki nayo. "Mara ya pili hunipati," akamwambia. Safari hii Mama alikuwa na wafalme watatu.

Ngigi alisimama akilalamika kwamba ametapeliwa, eti Mama alijifanya hajui. Mzee Metito akamjibu bila kuinuka kitini, "Kwani ulimwuliza kama anajua?" Ngigi alichukua kofia yake akatoka.

Mtamba yuko hapa nyumbani, na Mama anamkatia nyasi mwenyewe. Tangu kiangazi cha mwaka jana kitumalizie ng'ombe, sijamwona akitembea kifua mbele hivi.

Lakini sijafika kwa kilichonishtua zaidi. Jana nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema ni Magadi, wakati ule sisi tukiwa wadogo na Baba akifanya kazi kiwandani. Joto likizidi, kina mama wa zile nyumba za kampuni walijifungia ndani mchana wakacheza. Nikamwuliza kama marehemu Baba alijua, yeye aliyetuchapa kwa sababu ya karata na kutuambia ni za shetani.

Mama aliendelea kumenya viazi. "Baba yenu alicheza na mimi mwaka mzima," akasema. "Hakunishinda hata siku moja. Ndipo akasema ni dhambi."

Ukija Krismasi umwulize mwenyewe.

Nisalimie wifi yangu Mutindi na umbusu mtoto Kyule. Shangazi Mukonyo naye anawasalimu kutoka Kajiado. Mungu awafunike huko mliko, na awalete nyumbani salama.

Ni mimi dadako ninayekupenda,
Wayua