Chupa Niliyoipeleka Kisimani kwa Masima

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza vinginevyo.

Huu ni msimu wa pili tangu Masima akuue kwa fimbo ya kichwa, kwa sababu tu ulimwambia atoe ng'ombe wake kwenye uwele wetu. Mahakama ilimwachia huru. Waliokuwepo shambani siku ile walisema hawakuona vizuri. Akarudi hapa kijijini Haneti, akapita mbele ya nyumba yetu akipiga mluzi. Mluzi, Baba.

Hapo ndipo nilipoamua. Nilitia chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe mfukoni, nikaenda hadi kisima alichochimba korongoni, anaponyweshea mifugo yake. Nilitaka wafe wote, abaki na fimbo yake.

Nilimkuta mkewe anachota. Aliponiona aliinamisha macho. Halafu akasema, "Mwanangu, umetembea juani. Kunywa kwanza." Akanipa kata. Mjukuu wake alikuwa amekaa ndani ya beseni, anajimwagia maji yaleyale, anacheka. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado umeshika chupa mfukoni. Nilikunywa, nikageuka nikaondoka mbio.

Dawa niliimwaga kwenye josho la kijiji. Nilipomweleza Mama, hakunigombeza. Alisema, "Mume wangu ameshakufa. Na wewe usinifie ukiwa hai. Huyo mtu mwachie Mungu." Tukapiga magoti palepale jikoni, nami nikasema neno moja tu: "Nakuachia." Nililisema kwa hasira. Nadhani Mungu alilipokea hivyohivyo.

Masima bado yupo. Hajapatwa na lolote. Siku nyingine nikimwona damu inanichemka, inanibidi nimkabidhi Mungu upya. Lakini usingizi umerudi. Na nimeanza kukukumbuka wewe mwenyewe, si kifo chako tu: ulivyokuwa ukinisukumia bakuli la mlenda ukidai umeshiba, wakati sote tulijua hujashiba.

Mvua imeanza. Kesho napanda shamba la chini, lile linalopakana na njia ya mifugo yake. Wakiingia tena, nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mkono wangu sitauinua juu ya mtu. Nakuahidi, Baba.

Pumzika. Mama anakusalimu sana.

Mwanao,
Yona