Maua ya Wafu, Ndimu za Wazima

Jumatatu, 23 Julai 1984
Safari kumi na mbili ziwani tangu asubuhi, ndoo kichwani. Shingo inauma. Kiangazi hiki udongo unakunywa maji tu, haushibi. Mikebe yote ya maziwa imejaa maua: mekundu, meupe, na yale ya njano aliyoyapenda marehemu bwana yangu. Tangu wazungu waende, nani ananunua maua hapa Kalemie? Watu wanatafuta unga. Lakini nimepata akili mupya. Siku kuu ya wazazi! Tarehe moja Agosti muji wote utakuwa makaburini kufagia. Watahitaji maua. Nimecheka peke yangu kama mwenye wazimu.

Jumatano, 25 Julai
Shemeji Kasongo amekuja, mudogo wa marehemu. Hakukaa. Anasema kiwanja njo cha familia yao, pepinieri, bustani yangu ya miche, hailishi muntu, anataka kujenga bar. "Siku kuu ikipita na maua yako bado yako hapa, nachimba musingi."
Nilimujibu sawa. Nikaingia ndani nikagonga mulango. Kwa hasira, si kwa woga. Nitauza yote, hata ule mukebe wenye kutu.

Jumamosi, 28 Julai
Salongo, kazi ya lazima ya muji wote. Tumefagia barabara mpaka saa nne. Mudomo wangu haukupumzika. Kila mama mwenye ufagio nimemwambia: ua moja kwa muzazi aliyelala, ua moja kwa muzazi aliye hai. Wamecheka, kisha wameagiza. Karibu mikebe yote ina wenyewe! Usingizi hautakuja leo, najua.

Jumapili, 29 Julai
Nimeharibu.
Kutoka misa nilimupelekea mama mukwe, mama yake Kasongo, mukebe wa kwanza, ule wa njano muzuri kuliko yote. Nilitaka kumufurahisha mapema. Aliutazama, akauweka nje ya mulango. "Ua hili njo la kaburi ya mutoto wangu. Mimi unanipima sanduku ya maiti?" Majirani walisikia. Kabla ya jioni soko lote lilijua. Mujinga mimi. Nani anamupa mama muzima zawadi ya maiti?

Jumatatu, 30 Julai
Maagizo yanavunjika. Mama wa samaki, mama wa mukate, hata mwalimu wa katekisimu. Hawataki tena kitu cha kwangu, cha wafu wala cha wazima. Kasongo amepita mara mbili, anapima kiwanja kwa hatua. Namuchukia, naandika wazi.
Muchana nilikaa nyuma ya nyumba, kwenye miche ya ndimu, mapera na mapapai isiyotakiwa na muntu tangu mwaka jana. Nikachuma jani, nikalinusa. Nikasimama ghafla. Ndimu! Inakamuliwa juu ya samaki, inatibu kikohozi. Nani ataipeleka kaburini? Hakuna!

Jumanne, 31 Julai
Nyumba kwa nyumba nimeeleza, mpaka kandambili zimekatika. Maua ya wafu, kushoto kwa kiwanja. Miche ya ndimu, mapera na mapapai, ya wazima, kulia. Hayagusani. Hata kumwagilia, ndoo mbili. Mama wa samaki hakuamini, akaja kuziona hizo ndoo kwa macho yake. Ameagiza tena. Kisha ameenda kueneza habari, Mungu amubariki na mudomo wake.

Jumatano, 1 Agosti
Yoo! Saa kumi na mbili asubuhi mulango ulikuwa umejaa. Asubuhi kushoto, muchana kulia. Walitoka makaburini, wakanawa, wakarudi kuchukua ndimu. Asiye na pesa alileta ndagaa, sabuni, chumvi. Nimepokea vyote. Ndimu ya mama mukwe niliipeleka mwenyewe, nikapiga magoti. Aliipokea kwa mikono miwili.
Saa tisa, hata mukebe mumoja haukubaki. Nimecheza peke yangu katikati ya kiwanja. Halafu nikasimama. Kiwanja kitupu njo rahisi kujenga.

Alhamisi, 2 Agosti
Kasongo amekuja na jembe, hata kama maua yameisha. Nyuma yake mama yake, polepole, mukebe wa ndimu kifuani. Alitembea mpaka katikati ya kiwanja, akaonyesha kwa fimbo.
"Hapa. Chimba."
Kasongo aliuliza, na musingi utapita wapi. Mama yake alipiga fimbo palepale. Basi Kasongo alichimba, shimo la muti, shati likalowa jasho. Mama mukwe aliipanda ndimu kwa mikono yake, akakanyaga udongo, akanigeukia.
"Wewe utaimwagilia."
Kasongo alifuta jembe lake kwa majani, akamushika mama yake mukono, wakaenda. Muti wa mama hakuna atakayeukata hapa.
Nimeimwagilia. Kesho natafuta mikebe mingine.