Mluzi wa Gari la Kanisa

Kakiika, Mbarara
Jumatatu, 15 Julai 2024

Kwako yaya, dada yangu mkubwa Uwamahoro,

Salamu nyingi zikufikie hapo Oruchinga, wewe pamoja na mama mdogo Kantengwa aliyekupokea nyumbani kwake. Natumaini goti lake limepata nafuu na maharage mliyovuna yamekauka vizuri. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anakwenda shambani na anagombana na majirani kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka miwili ya kimya. Ningekupigia simu, ila ukinikatia katikati sitapata nguvu ya kuanza upya. Tafuta fasi yenye utulivu ukae, usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Jumanne iliyopita niliona gari la kanisa letu likiingia katika garaji ya Mbabazi, ninapofanya kazi. Dereva alikuwa Gatete yule yule. Unalijua gari hilo kuliko mtu yeyote: spika mbili juu ya paa, maikro ndani, na korali ikiimba nayo kutoka Rubondo mpaka Base Camp, kambi nzima ya Nakivale. Ndilo lililoanza kupiga mluzi katikati ya nyimbo hadi watu wakaziba masikio. Gatete alieleza kwamba mchungaji mpya, Nehemiya, hataki habari za kufunga kula na kuombea spika, amemtuma kwa fundi. Mimi nikacheka. Nilimwambia Mbabazi asipoteze saa zake, kwa sababu vyombo vya gari hilo nilivifunga mimi mwenyewe, na wazee wote wa Nakivale walishaliombea likakataa kupona.

Mbabazi ni Munyankole mwenye Kiswahili alichookota jeshini, na maneno yake ni machache. Alijibu kwamba yeye haulizi nani alifunga, anauliza wapi panalia. Akawasha injini, mluzi ukaanza. Akamwambia Gatete akanyage mafuta, mluzi ukapanda, aachie, ukashuka, azime, kimya. Akawasha tena, akachomoa waya za maikro na redio kwenye ampli inayokuza sauti, mluzi ukabaki vile vile. Mwishowe alichukua waya mrefu, akaunganisha ampli moja kwa moja na upande wa hasi wa betri. Mluzi ukakatika pale pale, injini ikiwa inanguruma.

Alinituma ninyanyue kapeti nitafute waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari. Niliukuta umezungushwa kwenye boliti ya kiti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, hata mwanafunzi wa wiki moja anajua hilo. Unakwangua mpaka chuma king'ae, ndipo unafunga. Umeme ulipokosa njia nzuri ya kurudi, ukawa unaingiza ndani ya spika sauti ya alternata, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Na waya wenyewe ulikuwa umeviringishwa utepe wa kijani nilionunua mimi, nikaukata kwa meno yangu, ile Jumamosi nilipokuwa na haraka ya kurudi Mbarara. Nilimwambia Mbabazi ukweli. Alinipa msasa. Nikakwangua rangi, nikafunga waya upya.

Yaani wewe ulitolewa kwenye korali kwa ajili ya boliti. Mpaka sasa nikiandika haya siamini. Mzee Mutware ndiye aliyesema kwamba mluzi unazidi ukishika maikro wewe, na wazee wakatangaza kwamba kuna mwimbaji mwenye dhambi iliyofichwa, hakuna atakayeimba mpaka ajitokeze. Siku ya tatu ya kufunga ulisimama ukatubu kwamba ulikwenda kwa mganga kule Ngarama kutafuta dawa ya sauti. Wakakupa maikro useme sala ya toba, na mluzi haukusikika. Watu walilia kwa furaha. Basi Gatete, akiwa ameduwaa kama mimi, ameniambia juzi kwamba dakika ile petroli ilikuwa imeisha na injini imezimika, spika zinakula betri peke yake. Hakuna aliyelifikiria. Mluzi uliporudi juma la pili, walisema mganga wako ni mkali mno. Wakaliegesha gari, na wewe ukahamia Oruchinga ukiwa na jina hilo.

Jumatano nilikwenda nyumbani Nakivale kumuuliza mama kama kweli ulifika Ngarama. Aliacha kazi aliyokuwa nayo, akashangaa kwamba mimi sijui. Alisema siku hiyo ya mganga mlishinda wote wawili kwenye kituo cha afya kwa ajili ya kifua chake, tangu asubuhi mpaka jioni. Ulimweleza kwamba asipopatikana mtu, korali haitaimba Pasaka. Ulimkataza pia asiniambie, kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni kazini, na fundi akishasemwa vibaya hapewi gari tena. Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Maana yake ulijua. Na hapa, yaya, nakiri jambo ambalo mama mwenyewe alikuwa hajalisikia. Uliniambia. Kabla wazee hawajaanza kufunga, ulinipigia simu ukasema mluzi unapanda kila Gatete anapokanyaga mafuta, nije niangalie waya. Nilikujibu kwa dharau kwamba kazi yako ni kuimba, waya uniachie mimi. Mzee Mutware aliponiuliza kama vyombo vina kasoro, niliapa kwamba kazi yangu ni safi, na sikuja hata kutazama. Ni baada ya jibu langu ndipo walipoanza kutafuta mwenye dhambi. Niliposikia umetubu, nilifurahi. Nilifurahi kwamba si kazi yangu.

Jana nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote hayo. Gari liliwashwa mlangoni. Nililegeza boliti mluzi ukalia, nikaikaza ukakatika, mara tatu, watu midomo wazi. Unajua mzee Mutware alisema nini? Alisema basi ulidanganya mbele za Mungu, kwa hiyo uje utubu ile toba. Sikuamini masikio yangu. Mama alisimama akatoka nje bila kuaga mtu. Mchungaji Nehemiya alimwambia mzee akae, akatangaza kwamba huna kosa lolote na kwamba kanisa litakuandikia kukuomba msamaha. Mimi nimetengwa miezi mitatu, nakaa benchi la nyuma, sishiriki meza ya Bwana.

Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni. Watu walinipita mmoja mmoja bila kunipa mkono, hata wale niliokua nao. Nikakumbuka ile Pasaka nilipokuja kutoka Mbarara. Ulikuwa umesimama hapo hapo, ukaninyooshea mkono, nikapita nikiangalia viatu vyangu.

Barua ya kanisa ikifika, usiwajibu haraka. Alhamisi nakuja Oruchinga pamoja na mama. Nitakusubiri barabarani, siingii uani mpaka useme. Nitakunyooshea mkono, na ukitaka kunipita, nipite.

Umsalimie sana mama mdogo Kantengwa, na Mungu awalinde hapo mlipo.

Ni mimi mdogo wako,
Mihigo