Shingo Mpya ya Mrashi wa Bi Ummi

Somoe na Kibibi, pamoja na baba yenu,

Mrashi uko hapa mezani, ndani ya kitambaa. Msiuoshe. Washeni chetezo, mtie ubani, muifukize shingo yake mpaka ififie. Kisha pokezaneni kuisugua kwa viganja. Baba yenu asugue zaidi, maana ndiye aliyemrushia tumbili mrashi wa watu, tuliouazima kwa Bi Ummi tunyunyizie marashi kwenye maulidi. Shingo ikavunjika. Tumbili hakudhurika, na mpunga alikula.

Asubuhi nimeuchukua kwa sonara kule Kipini. Shingo mpya ameitia maji ya fedha, inang'aa kupita kiasi. Ni shingo ya bibi harusi kwenye kiwiliwili cha nyanyake. Ndipo akanifundisha dawa hii ya moshi na viganja. Nikamwuliza kama kweli inafaa. Akasema inafaa, ndiyo aliyompa Bi Ummi miaka mitatu nyuma, alipoivunja shingo hiyo mwenyewe. Na kila Idi Bi Ummi hutuapia kuwa mrashi wake haujaguswa na fundi tangu enzi za nyanyake.

Mpunga uko juani. Baba yenu akiona tumbili, apige kelele tu.

Mimi nakwenda kumzuia Bi Ummi kwa mazungumzo hadi alasiri, kisha nije naye.

~~Akifika mwambieni yote.~~ Msimwambie kitu. Mpeni mrashi, mwangalie anaanza kutazama wapi. Akianza kitakoni, nitamwomba radhi mwenyewe. Akianza shingoni, basi anaikumbuka siri yake; nyamazeni nyote. Naye atanyamaza.

Mama yenu